Fedha ya Umma na Uchaguzi wa Bidhaa: Funzo Kutoka Historia ya Marekani

Katika masomo ya siasa tumezoea kuitazama serikali kwa sura tatu. Iko serikali inayotunga sheria, iko serikali inayokusanya kodi, na iko serikali inayolinda mipaka na kuadhibu wahalifu. Sura ya nne haizungumzwi sana katika madarasa yetu, nayo ni serikali inayonunua. Kila siku, katika kila ofisi ya umma, yupo mtu anayeandika hati ya kuagiza karatasi, sabuni, saruji, matairi, balbu au mafuta ya mitambo. Kazi hiyo huonekana ni ya ukarani tu. Lakini fedha anayoitumia ni ya umma, na kila anapochagua bidhaa moja na kuiacha nyingine anakuwa ameamua pia kiwanda gani kiendelee na kipi kibadilike, msitu upi ukatwe, na taka za nani zitupwe wapi.

Makala haya yanachunguza jinsi nchi moja, Marekani, ilivyojaribu kuitumia nguvu hiyo ya ununuzi ili kulinda mazingira tangu mwaka 1976. Hatukuichagua Marekani kwa sababu imefaulu kuliko nchi nyingine. Tumeichagua kwa sababu historia yake imeandikwa vizuri katika sheria, maagizo na taarifa za ukaguzi, na kwa sababu ndani ya historia hiyo mtu anaweza kuona waziwazi mapambano ya maslahi ambayo mahali pengine hufichwa nyuma ya lugha ya kitaalamu. Swali tunalotaka kulijibu ni hili: kwa nini jambo ambalo kila mtu analikubali kwa mdomo huchukua miaka mingi kutekelezwa, na likishatekelezwa huweza kufutwa kwa siku moja?

Serikali kama mnunuzi

Wapo wanaodai kwamba serikali inaponunua haina haki ya kutazama jambo lingine lolote zaidi ya bei. Hoja hiyo haiungwi mkono na historia ya Marekani yenyewe, ingawa nchi hiyo ndiyo inayohubiri uhuru wa soko kuliko nyingine zote. Mwaka 1933 Bunge lake lilipitisha sheria ya kuzitaka idara za serikali zipendelee bidhaa zilizotengenezwa nchini. Mwaka 1936, wakati wa utawala wa Rais Roosevelt, ilipitishwa sheria nyingine iliyohusu kila mkataba wa kuiuzia serikali bidhaa zenye thamani inayozidi dola 10,000. Mwenye kiwanda aliyetaka mkataba huo alilazimika kuwalipa wafanyakazi wake kima cha chini kilichowekwa, kulipa nyongeza kwa saa za ziada, na kutoajiri watoto. Hapakuwa na amri ya kuvifunga viwanda vilivyokataa. Viliachwa viendelee na mambo yao, ila fedha ya serikali visiipate.

Mfano mwingine ni wa ufundi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, vile vipande vidogo vya silikoni ambavyo leo vimo ndani ya kila simu na kila kompyuta vilikuwa ghali mno kiasi kwamba hakuna kampuni ya kawaida iliyoweza kuvitumia. Mnunuzi wake karibu pekee alikuwa serikali, kwa ajili ya makombora ya Jeshi la Anga na vyombo vya kwenda mwezini. Viwanda viliposhiba oda za serikali vilijifunza kuvitengeneza kwa wingi, bei ikashuka, na soko la raia likafunguka. Anayesema kwamba ununuzi wa serikali hauwezi kugeuza uzalishaji amesahau jinsi sekta nzima ya elektroniki ilivyozaliwa.

Kwa hiyo suala halikuwa kama serikali inaweza kuitumia fedha yake kwa lengo zaidi ya bei. Ilikuwa imekwisha kufanya hivyo kwa ajili ya viwanda vya ndani, kwa ajili ya wafanyakazi na kwa ajili ya vita. Suala lililobaki ni kama ingefanya hivyo kwa ajili ya ardhi, maji na hewa. Tukumbuke pia ukubwa wa mnunuzi tunayemzungumzia. Mwaka 2021 serikali kuu ya Marekani ilikuwa inatumia zaidi ya dola bilioni 600 kwa mwaka kununua bidhaa na huduma. Hakuna tajiri wala kampuni inayoingia sokoni na mfuko wa namna hiyo.

Sheria ya 1976 na miaka ya kusuasua

Mwaka 1970 Marekani iliunda Shirika la Kuhifadhi Mazingira, ambalo kwa kifupi cha Kiingereza huitwa EPA. Wakati huo miji ilikuwa imezidiwa na takataka, na mgogoro wa mafuta wa mwaka 1973 uliwafundisha Wamarekani kwamba malighafi nazo zina mwisho. Ndipo tarehe 21 Oktoba 1976 Rais Ford alipotia saini Sheria ya Kuhifadhi na Kuokoa Rasilimali. Ndani ya sheria hiyo kilikuwamo kifungu cha 6002, kilichohusu ununuzi wa serikali.

Kifungu hicho kilitoa amri tatu. Kwanza, kila idara inayonunua aina ya bidhaa iliyotajwa kwa zaidi ya dola 10,000 kwa mwaka inunue zile zenye kiwango kikubwa iwezekanavyo cha malighafi iliyookolewa kutoka kwenye taka. Pili, idara zipitie masharti yao ya zabuni na kuondoa maneno yanayozibagua bidhaa hizo. Amri hii ya pili inatufunulia jambo: kabla ya hapo masharti mengi yalidai malighafi mpya tu, hata pale ambapo matumizi hayakuhitaji upya wowote. Serikali yenyewe ndiyo iliyokuwa imeifungia mlango karatasi iliyotengenezwa kwa karatasi kuukuu. Tatu, EPA ilitakiwa iandae miongozo ya kuonyesha bidhaa zipi zinahusika na kwa viwango gani.

Lakini sheria hiyo hiyo iliacha milango mitatu ya kutokea. Idara iliweza kukwepa wajibu wake kama bidhaa ilikuwa na bei isiyo ya haki, kama haikupatikana kwa wakati, au kama haikufikia ubora wa kazi iliyokusudiwa. Kila mmoja wa milango hiyo ulikuwa na sababu yake ya halali, kwani hakuna anayetaka hospitali ikose karatasi. Hata hivyo, mlango ukishakuwapo hupitiwa na wengi kuliko wale uliojengewa.

Matokeo yake yalikuwaje? Mwongozo wa kwanza ulitoka Januari 1983, zaidi ya miaka sita baada ya sheria. Ulihusu majivu laini ya makaa ya mawe yanayotoka katika mitambo ya umeme, ambayo yakichanganywa katika zege huchukua nafasi ya sehemu ya saruji. Bunge lilipoona uzito huo, mwaka 1984 liliirekebisha sheria na kuweka tarehe: mwongozo wa karatasi utoke ndani ya siku 180, na miongozo ya bidhaa nyingine tatu, matairi yakiwamo, itoke kabla ya tarehe 1 Oktoba 1985. Tarehe zote mbili zilipita. Mwongozo wa karatasi ulitoka mwaka 1988, na mwaka huo huo ikafuata ile ya mafuta ya kulainishia mitambo yaliyosafishwa upya na ya matairi yaliyovishwa upya mpira wa juu. Ule wa vifaa vya kuzuia joto katika majengo ulitoka mwaka 1989.

Hapa hatuna budi kuuliza sababu. Utawala ulioingia Januari 1981 uliamini kwamba kanuni za serikali ni mzigo kwa wenye mitaji, na bajeti ya EPA ikapunguzwa. Sheria ilikuwapo, tarehe zilikuwapo, lakini nia ya kisiasa haikuwapo. Sheria isiyo na mtu wa kuisukuma ni kama jembe lililotundikwa ukutani. Haliwezi kulaumiwa kwa kutolima.

Mapambano juu ya neno moja

Mwongozo wa karatasi wa mwaka 1988 ulifungua ugomvi uliohusu neno moja tu: taka. Karatasi ya kuandikia na kuchapia ilitakiwa iwe na asilimia 50 ya karatasi taka. Je, karatasi taka ni ipi? Kwa tafsiri iliyotumika, hata vipande vilivyokatwa kandokando katika viwanda vya kuchapa na kutengeneza bahasha vilihesabiwa. Vipande hivyo ni safi, vina bei, na tangu zamani wenye viwanda walikuwa wakivirudisha kwenye mashine kwa sababu vinawapa faida. Karatasi iliyotumiwa na mwananchi na kutupwa, ambayo ndiyo iliyokuwa ikijaza mashimo ya taka ya miji, iliweza kukosekana kabisa katika karatasi iliyouzwa kwa jina la karatasi iliyorejelewa.

Tunaona basi kwamba kampuni iliweza kukidhi kiwango bila kubadili chochote katika uzalishaji wake. Serikali ilipata sifa, kampuni ikapata zabuni, na takataka zikabaki pale pale. Wanaharakati wa mazingira walilitambua jambo hilo wakadai kipimo kingine, yaani asilimia ya malighafi iliyokwisha kupita mikononi mwa mtumiaji wa mwisho. Wenye viwanda vikubwa, waliokuwa wamewekeza katika mashine za kutumia mbao za msituni, walipinga.

Ugomvi huo ulipata jibu tarehe 20 Oktoba 1993, Rais Clinton alipotia saini agizo namba 12873. Karatasi za ofisi za serikali kuu zilitakiwa ziwe na angalau asilimia 20 ya karatasi iliyokwisha kutumiwa ifikapo mwisho wa mwaka 1994, na asilimia 30 ifikapo mwisho wa mwaka 1998. Kiwango kilionekana kimeshuka, kutoka 50 hadi 20, lakini kwa kweli kilikuwa kimepanda, kwa kuwa sasa kilichohesabiwa kilikuwa taka halisi. Hili ni funzo kubwa kwa kila kiongozi anayeletewa takwimu mezani. Kabla ya kuuliza ni asilimia ngapi, uliza ni asilimia ya nini.

Kutoka karatasi hadi kompyuta

Mwaka 1992 EPA ilianzisha alama ya Energy Star, ikianza na kompyuta na viwambo vyake. Wakati huo kompyuta za ofisini ziliachwa zikiwaka mchana na usiku bila mtu kuzitumia. Sharti la alama lilikuwa jepesi kulieleza: mashine ikikaa bila kazi ijipumzishe yenyewe na kutumia si zaidi ya wati 30. Kampuni zilijiunga kwa hiari. Kama mambo yangeishia hapo, huenda alama hiyo ingebaki kuwa pambo la matangazo. Lakini mwezi wa Aprili 1993 Rais Clinton aliagiza kwamba kompyuta zinazonunuliwa na serikali kuu ziwe na alama hiyo. Mnunuzi mkubwa kuliko wote alikuwa amesema neno lake.

Kwa mwenye kiwanda hesabu ilikuwa rahisi. Kuwa na mstari mmoja wa kutengenezea kompyuta za serikali na mwingine wa kutengenezea za watu wengine ni gharama mara mbili. Ilikuwa nafuu kuzitengeneza zote kwa kiwango cha serikali. Hivyo mtu wa kawaida aliyenunua kompyuta dukani, ambaye hajawahi kusikia habari za agizo lolote, alipata mashine inayotumia umeme kidogo. Huo ndio ushahidi kwamba fedha ya umma inapopangwa vizuri manufaa yake huvuka kuta za ofisi za serikali.

Mafanikio hayo yaliwapa watu moyo wa kutazama mbali zaidi. Karatasi ilipimwa kwa kitu kimoja, yaani malighafi iliyookolewa. Kompyuta ilipimwa kwa kitu kimoja, yaani umeme. Lakini bidhaa moja huwa na madhara mengi. Kwa sababu hiyo agizo la mwaka 1993 lilikuwa limeitaka EPA iandae mwongozo mpana wa kutathmini bidhaa yoyote ile, na mwongozo huo ulikamilika mwaka 1999. Ulikuwa na misingi mitano ambayo tunaieleza kwa maneno yetu. Kwanza, mazingira yaingizwe katika uamuzi wa kawaida wa ununuzi pamoja na bei na ubora. Pili, uchafuzi uzuiwe tangu mwanzo badala ya kusubiri kuusafisha. Tatu, bidhaa itazamwe kwa maisha yake yote, kuanzia malighafi inapochimbwa hadi inapotupwa, na kwa madhara yake yote. Nne, madhara hayo yalinganishwe ili ijulikane lipi ni zito zaidi. Tano, mnunuzi apate habari sahihi kuhusu bidhaa anayouziwa.

Msingi wa tatu na wa nne hauwezi kueleweka bila mfano, na mfano mzuri ni yale majivu ya mwaka 1983. Kutengeneza tani moja ya saruji hutoa hewani karibu tani moja ya hewa ya ukaa, kwa hiyo majivu yanapochukua nafasi ya sehemu ya saruji hewa hiyo hupungua. Hapo ni bidhaa njema. Lakini majivu hayo hutoka katika makaa ya mawe, na yana madini ya sumu. Tarehe 22 Desemba 2008, huko Kingston katika jimbo la Tennessee, ukingo wa bwawa la majivu ya mtambo wa umeme ulibomoka, tope likafukia nyumba na kuingia mtoni. Je, majivu ni rafiki wa mazingira au ni adui? Jibu ni kwamba yakifungwa ndani ya zege yanaweza kuwa na manufaa, yakirundikwa kando ya mto ni hatari, na kuyanunua kusiwe kisingizio cha kuendelea kuchoma makaa. Bidhaa haina wema wake peke yake. Wema wake hutokana na mahali ilipotoka, kazi inayofanya na mahali inapokwenda kuishia.

Nani ampime mpimaji?

Wahenga wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mwaka 2001 ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani, inayojulikana kwa kifupi kama GAO, ilichunguza utekelezaji wa ununuzi huo na kuona kwamba idara hazikuwa na takwimu za kuaminika kuhusu kile zilichokuwa zinanunua. Sababu moja ilikuwa mabadiliko ya mwaka 1994, yaliyolegeza taratibu za manunuzi madogo. Maelfu ya watumishi walipewa kadi za kununulia vitu vidogo moja kwa moja madukani. Urahisi uliongezeka, na urasimu ukapungua kweli. Lakini masharti yaliyokuwa yakisimamiwa na maofisa wachache waliofundishwa sasa yalitegemea kumbukumbu ya kila mwenye kadi. Ndipo tunapoona kwamba elimu ya mtumishi wa chini ina uzito sawa na agizo la mkuu wa nchi.

Kisa cha pili ni cha mwaka 2010, na kinachekesha na kusikitisha kwa pamoja. Wachunguzi wa GAO walibuni kampuni nne ambazo hazikuwapo, wakaomba alama ya Energy Star kwa bidhaa 20 za uongo. Bidhaa 15 zilikubaliwa. Miongoni mwake ilikuwamo saa ya kuamsha inayoendeshwa kwa petroli, na kifaa cha kusafisha hewa ambacho picha yake ilionyesha mashine ya kupasha joto chumba iliyobandikwa manyoya ya kupangusia vumbi. Ilidhihirika kwamba kwa bidhaa nyingi alama ilitolewa kwa kumwamini mwenye kiwanda kwa maelezo yake tu. Baada ya aibu hiyo utaratibu ulibadilishwa, na kuanzia mwaka 2011 bidhaa zilitakiwa zipimwe katika maabara zinazotambuliwa na kuthibitishwa na taasisi isiyokuwa ya mtengenezaji.

Iko methali isemayo chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika soko la leo methali hiyo inahitaji tahadhari, maana kibaya kimejifunza kuvaa nguo za chema. Rangi ya kijani, picha ya jani na maneno matamu huandikwa na mtu yeyote. Mnunuzi wa umma asiye na maabara, wala maarifa ya kuuliza maswali, ni mateka wa karatasi ya matangazo.

Tusisahau pia kwamba vigezo vyenyewe huandikwa na watu wenye maslahi. Sheria ya kilimo ya mwaka 2002 ilizitaka idara za serikali kuu zipendelee bidhaa zinazotokana na mimea, kama vile vilainishi vya mitambo vya soya. Nia ya kupunguza petroli ilikuwamo, lakini ilikuwamo pia nia ya kuwapatia soko wakulima wakubwa wa soya na mahindi. Hatusemi kwamba maslahi hayo yanaifanya sheria kuwa mbaya. Tunasema kwamba anayesoma kigezo chochote hana budi kuuliza ni nani aliyekaa mezani kilipoandikwa, na ni nani ambaye hakualikwa.

Agizo na sheria

Tumefika sasa kwenye sehemu ya swali letu inayohusu kufutwa. Ukitazama historia hii utaona kwamba imejengwa kwa mawe ya aina mbili. Yako mawe ya sheria zilizopitishwa na Bunge: kifungu cha 6002 cha mwaka 1976, sheria ya kilimo ya mwaka 2002, na Sheria ya Sera ya Nishati ya mwaka 2005, ambayo iliufanya ununuzi wa vifaa vinavyotumia umeme kidogo kuwa wajibu wa kisheria. Kisha yako maagizo ya marais. Agizo la Clinton la mwaka 1993 lilifuatwa na lake jingine mwaka 1998. Bush alifuta hilo na kutoa lake Januari 2007. Obama alitoa mwaka 2009 na mwaka 2015, na mwaka 2018 Trump alilifuta la 2015 na kuweka lake. Tarehe 8 Desemba 2021 Biden alitoa agizo namba 14057, lililotaka magari yote mapya yanayonunuliwa na serikali kuu yawe yasiyotoa moshi ifikapo mwaka 2035, na ununuzi wote usiongeze hewa ya ukaa ifikapo mwaka 2050.

Agizo hilo halikumaliza miaka minne. Tarehe 20 Januari 2025, siku ile ile aliyoapishwa tena, Trump alilifuta. Tarehe 10 Februari 2025 alitia saini agizo jingine la kuzizuia idara kununua mirija ya karatasi ya kunywea. Wengine walicheka. Sisi tunaona kwamba agizo hilo, pamoja na udogo wa jambo lenyewe, limethibitisha hoja ya makala haya. Rais wa taifa kubwa hawezi kujishughulisha na mrija kama ununuzi wa serikali haukuwa uwanja wa siasa. Nguvu ile ile iliyotumika kuingiza bidhaa fulani ofisini ndiyo iliyotumika kuitoa.

Lakini agizo la rais haliwezi kufuta sheria ya Bunge. Kifungu cha 6002, kilichodharauliwa kwa miaka mingi, hakikung'olewa na kalamu iliyong'oa maagizo mengi. Agizo hutekelezwa upesi na hufa upesi. Sheria hutambaa, lakini ina mizizi. Zaidi ya vyote viwili, kile ambacho hakikuweza kurudishwa nyuma ni mabadiliko yaliyokwisha kuingia katika uzalishaji wenyewe. Hakuna agizo lililoweza kuzirudisha viwandani kompyuta za mwaka 1990 zinazokesha zikiwaka.

Mafunzo kwetu

Msomaji anaweza kuuliza mambo hayo yanatuhusu nini sisi huku Tanzania. Yanatuhusu, kwa kuwa nasi tumo katika uwanja huo huo. Tarehe 1 Juni 2019 nchi yetu ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa. Hiyo ilikuwa kazi ya serikali inayokataza. Suala la nishati ya kupikia linadai pia kazi ya serikali inayonunua. Tarehe 8 Mei 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa mwaka 2024 hadi 2034, wenye lengo la kuwafikia asilimia 80 ya wananchi. Kabla ya hapo taasisi zenye watu zaidi ya 100 zilikuwa zimekwisha kuelekezwa ziache kuni na mkaa. Shule za bweni, magereza, hospitali na kambi ni wanunuzi wakubwa wa moto. Mkuu wa shule anapolinganisha bei ya lori la kuni na bei ya kufunga majiko ya gesi, yuko mbele ya swali lile lile lililomkabili ofisa wa Marekani mwaka 1976.

Katika historia tuliyoieleza tunaona mafunzo manne ya kumsaidia.

Kwanza, bei ya siku ya kununua ni sehemu tu ya bei. Kuni ni rahisi kwa sababu mti haukulipiwa, chanzo cha maji kilichokauka hakikulipiwa, na kifua cha mpishi anayevuta moshi kila asubuhi hakikulipiwa. Gharama hizo zipo, na mlipaji wake ni umma ule ule wenye fedha.

Pili, masharti ya zabuni ni siasa. Neno moja katika fomu linaweza kumfungia mlango fundi wa ndani anayetengeneza bidhaa njema, au kumfungulia tapeli. Anayeandika masharti hayo apewe elimu na asimamiwe, maana anaandika kwa niaba yetu sote.

Tatu, kipimo bila ukaguzi ni mapambo. Zipo taasisi zetu za kupima ubora wa bidhaa na za kukagua hesabu za serikali. Zisipoulizwa na wananchi na wawakilishi wao, nazo zitapokea picha ya mashine yenye manyoya na kuipitisha.

Nne, jambo linalotakiwa kudumu liwekwe katika sheria na katika mazoea ya uzalishaji. Bidii ya kiongozi mmoja ni njema, lakini huondoka naye.

Hitimisho

Tuliuliza kwa nini jambo linalokubalika kwa mdomo huchelewa kutekelezwa, na kwa nini hufutwa kwa urahisi. Historia imejibu kwamba huchelewa pale wenye maslahi ya zamani wanapokuwa karibu zaidi na meza ya uamuzi kuliko umma, na hufutwa kwa urahisi pale lilipowekwa juu ya karatasi bila kuwekwa katika vichwa vya watumishi na katika viwanda. Kwa hiyo somo la ununuzi wa umma lisiachiwe wahasibu peke yao. Katika kila tawi, kila halmashauri na kila bodi ya shule, mjumbe anayepokea taarifa ya manunuzi aulize maswali matatu: tumenunua nini, kimetoka wapi, na kikichakaa kitakwenda wapi. Akijibiwa kwa sauti tu, aombe kuliona daftari.